Heshima na Usalama Angani

Ndege ianguliapo karibu na uwanja, wengi hudhani kwamba mtambo umeharibika au rubani hakuijua kazi yake. Lakini mara nyingine chanzo ni uhusiano wa watu waliomo katika chumba cha marubani.

Tarehe 28 Desemba 1978, ndege aina ya DC-8 yenye watu 189 ilikuwa ikijiandaa kutua Portland, Marekani. Magurudumu yaliposhushwa ulisikika mshindo, na taa za kuthibitisha kwamba yamejifunga hazikuwaka zote. Rubani mkuu aliizungusha ndege angani kwa muda wa saa moja hivi akishughulikia hitilafu hiyo. Wasaidizi wake waliona mafuta yakipungua, wakaligusia jambo hilo, lakini bila mkazo. Hatimaye injini zilizimika, ndege ikaanguka, na watu 10 wakafa. Magurudumu yenyewe yalikuwa yamejifunga barabara.

Akili ya binadamu ibanwapo na wasiwasi huelekea kushikilia jambo moja na kupoteza hesabu ya wakati. Aliyezama hivyo hajitambui. Humhitaji mwenziwe amzindue. Heshima ikigeuka woga, mwenziwe hunyamaza.

Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1980 mashirika ya ndege yamekuwa yakiwafundisha wasaidizi kutaja hatari waziwazi, na wakubwa kuuliza na kusikiliza. Uamuzi wa mwisho ungali wa rubani mkuu. Lakini sharti auamue akiwa amekwisha kusikia yale ambayo wenzake wameyaona.