Mistari 60 si wafugaji 60

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini hata penye daftari, mali hupotea kama hesabu imesomwa vibaya.

Tuseme chama cha wafugaji kinapokea maziwa asubuhi na jioni. Karani huandika jina la kila anayeleta, na mwisho wa wiki huyaingiza majina kwenye kompyuta, katika jedwali la Excel. Jedwali lina mistari 60. Je, chama kiagize mifuko 60 ya pumba za mkopo, mmoja kwa kila mfugaji?

Hapana. Hiyo 60 ni idadi ya safari za maziwa. Mama Asha aliyeleta mara mbili kwa siku, siku saba, ameandikwa mara 14, naye ni mtu mmoja. Mifuko ya ziada itabaki stoo, na deni lake litakuwa la chama.

Kama majina yako safu ya A, kuanzia A2 hadi A61, andika kwenye kisanduku kitupu nje ya safu hiyo:

=SUMPRODUCT(1/COUNTIF(A2:A61,A2:A61))

Jina lililoandikwa mara 14, kila mstari wake huhesabiwa 1/14, na jumla yake ni 1. Aliyeleta mara moja naye ni 1. Ukijumlisha wote, unapata idadi ya majina tofauti. Pasiwe na kisanduku kilichoachwa wazi katikati ya majina, vinginevyo fomula italeta hitilafu. Wenye Excel ya mwaka 2021 na kuendelea wana njia fupi zaidi:

=COUNTA(UNIQUE(A2:A61))

Tahadhari moja. Kompyuta huhesabu maandishi, haihesabu watu. “Asha Juma” na “A. Juma” kwake ni wawili. Hata nafasi moja iliyobaki mwishoni mwa jina huzaa mtu mpya. Kwa upande mwingine, wanachama wawili wenye jina moja watahesabiwa kama mmoja, na mmoja wao atakosa mfuko wake.

Dawa ni kumpa kila mwanachama namba yake, kisha kuhesabu namba badala ya majina. Mwenye duka la pembejeo anayekopesha afanye vivyo hivyo: ajue ana wadaiwa wangapi kabla hajaongeza mkopo.