Safari ya Udongo

Mimi nikaaye Kigali nauona mto Nyabarongo ukiwa mwekundu kila masika. Rangi hiyo ni udongo wa mashamba ya milimani. Maji yaendayo kasi huchukua mchanga na matope. Yakipunguza mwendo, mchanga hutua kwanza, matope laini baadaye. Ndivyo mabonde yetu yalivyopata rutuba na udongo wa kufanyia matofali. Matope yakilaliana na kugandamizwa miaka mingi mno hugeuka mwamba. Lakini yakizidi mtoni huziba mashavu ya samaki, na hujaza bwawa la Nyabarongo, lililoanza kutoa umeme mwaka 2014. Mengine huchukuliwa na Akagera hata Ziwa Victoria. Basi tutengeneze matuta milimani, kwani udongo ukiisha kwenda haurudi.