Ukwaju, kisukari na fuwele yenye umeme

Watu wa Kilwa hawauonei ajabu mkwaju. Upo nyuma ya nyumba Kivinje, upo njiani kuelekea Pande, na ukishuka kusini kwenda Mchinga na Lindi mjini utaupita mara nyingi. Tunda lake hukamuliwa juisi ya futari na hutiwa kwenye mchuzi wa samaki. Watoto hulimumunya na chumvi na pilipili mpaka ndimi zikawawasha. Siku hizi limepewa kazi nyingine. Kokwa zake husagwa, unga ukauzwa kwa vichupa, na mnunuzi huambiwa kwamba unashusha sukari mwilini.

Mgonjwa anataka kujua kama ni kweli. Jibu langu ni refu kidogo, kwa sababu ndani ya tunda hilo mna kitu ambacho wanasayansi wamekichunguza kwa karne mbili na nusu mpaka kikatoa umeme, na pembeni yake, kwenye kokwa, kuna vitu ambavyo wamevigusa juujuu tu. Wauzaji huchukua heshima ya kile cha kwanza wakavivika vile vya pili.

Kilichochunguzwa vizuri ni asidi ya tartariki, ile inayokukunja uso ukiuma ukwaju. Katika nyama ya tunda lililoiva ni kati ya sehemu 8 na 18 katika kila 100, kiasi ambacho matunda machache mno duniani hukifikia. Mkwaju una tabia ya pekee: tunda likiiva, sukari yake hupanda lakini asidi haipungui. Kwa hiyo nyama hiyohiyo chachu huwa imebeba sukari ya sehemu 30 hadi 40 katika 100. Ulimi hauioni kwa sababu uchachu umeifunika. Mwenye kisukari anayeamini kwamba juisi ya ukwaju ni salama kwa kuwa ni chachu anakunywa sukari ya tunda pamoja na ile iliyomiminwa jagini, na tunajua mikono ya watengeneza juisi wetu ilivyo mizito.

Asidi hiyo ilitenganishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1769 na mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden, kutoka kwenye masimbi ya mvinyo wa zabibu. Njia yake ingefanyika hata Kilwa: ukitia chokaa kwenye maji yenye asidi ya tartariki, chokaa huishika asidi na kuzama nayo chini kama unga mweupe, kisha asidi kali zaidi huiachanisha. Chokaa ya matumbawe, iliyojenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ingeifanya kazi hiyo bila shida.

Ukiichanganya asidi ya tartariki na sodiamu na potasiamu unapata chumvi ya Rochelle. Jina ni la La Rochelle, bandari ya Ufaransa ambako familia ya wauza dawa, akina Seignette, waliitengeneza katika karne ya 17 wakaiuza kama dawa ya kulainisha choo. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa shughuli yake yote.

Mwaka 1849 Mjerumani Hermann von Fehling aliipeleka kwenye kisukari. Alitaka kupima sukari kwenye mkojo kwa kutumia shaba, lakini shaba ikiwekwa kwenye maji yenye magadi makali huganda na kutuama. Chumvi ya Rochelle iliizuia isigande. Maji ya Fehling ni ya bluu iliyokolea. Ukiyachemsha na mkojo wenye glukosi, yanageuka na kuacha masimbi mekundu ya rangi ya matofali. Baadaye Mmarekani Stanley Benedict aliibadilisha ile tartariki kwa asidi ya ndimu, na maji yake ndiyo ambayo wanafunzi wetu wa sekondari huyatumia mpaka leo kupima sukari kwenye vyakula. Basi asidi ya ukwaju ilishiriki kweli katika historia ya kisukari, ila ilikuwa upande wa kipimo. Haikuwahi kuwa tiba.

Umeme ulikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1848 Louis Pasteur, kijana wa miaka 25, alikuwa akitazama fuwele za chumvi ya asidi ya tartariki kwa darubini, akaona ziko za aina mbili zinazotazamana kama kiganja cha kulia na cha kushoto. Akazichambua kwa kibano, moja moja. Miti, tofauti na chupa za maabara, hutengeneza asidi ya tartariki ya mkono mmoja tu. Ya zabibu na ya ukwaju ni ya mkono uleule. Fuwele iliyojengwa kwa molekuli za mkono mmoja haiwezi kuwa sawa pande zote. Daima kuna upande ulioegemea.

Mwegemeo huo ndio siri yenyewe. Mwaka 1880 ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, walizibana fuwele mbalimbali na kugundua kwamba baadhi hutoa chaji ya umeme zikibanwa. Miongoni mwa walizozijaribu zilikuwamo kwatzi, chumvi ya Rochelle na sukari ya miwa. Ndiyo, chembe ya sukari unayoitia kwenye chai hutoa umeme kidogo ikibanwa. Chumvi ya Rochelle ilizishinda zote kwa mbali, na kwa miaka 40 hakuna aliyeeleza vizuri kwa nini.

Mwanafunzi Joseph Valasek wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, ndiye aliyelifungua fumbo mwaka 1920. Aliweka volti kwenye fuwele, akaipandisha, akaishusha, akaigeuza, huku akipima chaji. Alipoiondoa volti kabisa, fuwele ilibaki na umeme wake. Ili kuugeuza ilibidi asukume kwa nguvu upande wa pili, na ilipogeuka ikabaki huko tena. Ni kama tanga la jahazi: likishajaa upande mmoja hukaa hapo, na upepo mdogo wa kinyume haulitikisi mpaka uwe na nguvu ya kutosha kulipindua. Fuwele za namna hii tunaziita feroelektriki, na ya kwanza kujulikana duniani ni hii iliyotokana na uchachu wa matunda.

Ina masharti yake. Chumvi ya Rochelle ni feroelektriki kati ya nyuzi 18 chini ya sifuri na nyuzi 24 juu yake tu. Kilwa, basi, mchana kutwa wa mwaka mzima karibu wote, ingekuwa chumvi ya kawaida isiyokumbuka chochote. Ingerudiwa na fahamu usiku wa Julai na Agosti, kusi ikivuma na joto likashuka. Uwezo wa kutoa umeme ikibanwa haupotei, lakini joto na unyevunyevu huiharibu fuwele yenyewe. Gramafoni nyingi za katikati ya karne iliyopita zilikuwa na kipande cha chumvi hii nyuma ya sindano, kikigeuza mtikisiko wa santuri kuwa umeme, na katika hali ya hewa ya joto na unyevu vipande hivyo vilikufa mapema. Santuri za taarabu zilizoanza kukwaruza huenda hazikuwa na kosa lolote.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili watafiti wa Marekani, Urusi na Japani, kila mmoja kivyake, waligundua kwamba bariamu titaneti ina tabia hiyohiyo bila kuogopa joto wala maji. Katika miaka ya 1950 ikafuata kauri ya risasi, zirkoniamu na titaniamu, na hiyo ndiyo iliyomo kwenye mashine nyingi za altrasaundi. Kile kichwa anachokipitisha mhudumu tumboni mwa mama mjamzito kimejaa vipande vyake: umeme unavitikisa, vinatoa sauti isiyosikika, sauti inarudi, inavibana, navyo vinatoa umeme. Kifaa cha namna hiyo huwekwa pia kwenye mguu wa mwenye kisukari kusikiliza kama damu bado inafika vidoleni. Kidonda cha mguu ni moja ya madhara mabaya kabisa ya ugonjwa huu, na mishipa iliyoziba ikigunduliwa mapema mguu huweza kuokolewa.

Sasa turudi kwenye unga wa kokwa.

Haja ya dawa ni ya kweli. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili katika vijiji sita vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika hata mtu mzima 1 katika 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusisha watu wa miaka 25 hadi 64 mijini na vijijini, ulipata asilimia 9.1. Vipimo na maeneo havikuwa sawa, kwa hiyo tusizitoe namba hizo moja kwa nyingine kana kwamba ni hesabu ya duka. Hata hivyo mwelekeo hauna ubishi.

Kuhusu kokwa za ukwaju, utafiti unaotajwa sana ni wa Midnapore, India, uliochapishwa mwaka 2004. Maji ya kokwa yalishusha sukari kwa panya. Wauzaji huishia hapo, nami ningependa waendelee kusoma. Panya wale walipewa kisukari kwa sindano ya streptozotosini, sumu inayoua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Mzee wa Kivinje mwenye kisukari cha aina ya pili ana tatizo tofauti: insulini anayo, angalau mwanzoni, ila mwili wake hauisikii. Kokwa zina tanini na gundi nyingi, na gundi ya namna hiyo inaweza kuchelewesha sukari kuingia kwenye damu, kwa hiyo wazo si la kipuuzi. Lakini wazo halimezwi kama dozi.

Tanzania tumewahi kufanya jambo hili inavyotakiwa, na inanisikitisha kwamba halisimuliwi. Muhimbili ilikuwa na kitengo cha utafiti wa dawa za asili tangu mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991. Mainen Moshi na wenzake, akiwamo Zulfiqarali Abbas anayejulikana kwa kazi yake ya kuokoa miguu ya wenye kisukari, walichukua Phyllanthus amarus, mmea mdogo wa porini unaosifiwa kwa kisukari katika nchi nyingi, wakawapa wagonjwa 21 maji yake kwa wiki moja, wakapima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: sukari haikushuka, si kabla ya kula wala baada ya kula. Hakuna aliyewashangilia. Kwangu mimi karatasi ile ina thamani kuliko matangazo mia, maana walikuwa na ujasiri wa kuandika kwamba haikufanya kazi.

Mimea hutoa dawa, hilo halina shaka. Metformini, kidonge anachopewa karibu kila mwenye kisukari cha aina ya pili, asili yake ni wazo lililotoka kwenye Galega officinalis, mmea wa Ulaya wenye galejini. Galejini yenyewe inashusha sukari lakini ni sumu. Mifugo iliyokula mmea huo ilikufa. Wakemia wakatafuta ndugu zake wapole zaidi. Metformini ilitengenezwa Dublin mwaka 1922, daktari Jean Sterne wa Paris akachapisha majaribio yake kwa wagonjwa mwaka 1957, na Marekani haikuiruhusu mpaka mwaka 1994. Florizini nayo ilipatikana mwaka 1835 kwenye gome la mti wa tufaha wa Ulaya; vidonge vilivyotokana nayo, vinavyoifanya figo itupe sukari kwenye mkojo, vilifika kwa wagonjwa baada ya 2010. Njia ni ndefu, na sehemu kubwa yake ni kuondoa sumu na kujua kipimo.

Kwa ukwaju wa Lindi, hatua ya kwanza ingekuwa kujua kokwa zina nini na kwa kiasi gani, kwa sababu mti wa Kiswere na mti wa Midnapore hawalazimiki kufanana. Kisha usalama, kisha wagonjwa wachache waliokubali kwa hiari, wengine wakipewa unga usio na dawa, na sukari yao kupimwa kwa miezi. Mpaka hapo, anayetumia unga huo asiache vidonge vyake, na amwambie daktari. Ukiungana na glibenklamidi, kidonge kingine cha kisukari, unaweza kumshushia sukari kupita kiasi, na sukari ikishuka sana huua haraka kuliko ikipanda.

Mwalimu wa fizikia anayetaka kuonyesha umeme wa chumvi ya Rochelle asingoje mchakato huo wote. Krimu ya tartari, yenye asidi hiyohiyo ya tartariki, inapatikana kwenye baadhi ya maduka ya vifaa vya keki. Iyeyushe kwenye maji moto, ongeza sodiamu kaboneti kidogokidogo mpaka povu liishe, chuja, acha ipoe mahali palipotulia kwa siku kadhaa. Fuwele ikikua kufikia kidole gumba, ikaushe, ibandike karatasi ya fedha pande mbili, unganisha na kile kitaa kidogo cha neoni kilichomo kwenye bisibisi ya testa, zima taa za darasa, uigonge kwa nyundo taratibu. Kama haiwaki mchana, jaribu usiku wa Julai: karibu na nyuzi 24 ndipo fuwele hii inapoitikia kwa nguvu zaidi.