Ugali na maziwa havimtoshi paka

PAKA anayelishwa ugali na maziwa asubuhi na jioni huweza kunenepa na kulala kando ya meko bila kulia njaa, naye mwenyewe akaamini kuwa amemtunza vyema. Lakini miezi ikipita, mnyama huyo huenda akaanza kugonga miguu ya meza na kumkosa panya anayekatiza mbele yake. Anapofuka polepole, na chanzo kimo katika sahani yake.

Kinachokosekana ni taurini, moja ya asidi-amino zenye salfa ambazo mbwa na paka huzitegemea kwa uhai wao.

Asidi-amino ndizo matofali ya protini. Kati ya 20 ambazo mwili hutumia kujenga protini zake, ni mbili tu zenye salfa, nazo ni methionini na sisteini. Mbwa na paka hawawezi kujitengenezea methionini, hivyo hawana budi kuipata katika chakula. Sisteini huweza kutengenezwa mwilini kutokana na methionini hiyo.

Umuhimu wa asidi hizi huonekana kwanza katika manyoya, ambayo yamejengwa kwa protini yenye sisteini kwa wingi. Mtoto wa mbwa asiyepata kiasi cha kutosha hudumaa, na manyoya yake hukosa afya.

Taurini ni tofauti kidogo. Haiingii katika ujenzi wa protini, bali hukaa huru ndani ya misuli, moyo, ubongo na macho. Aidha, huungana na asidi za nyongo ili mafuta yaweze kusagwa tumboni. Wataalamu wa Ujerumani, Friedrich Tiedemann na Leopold Gmelin, waliipata mnamo 1827 katika nyongo ya ng'ombe, na ndiyo sababu jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya fahali.

Mbwa kwa kawaida hutengeneza taurini yake mwenyewe kutokana na methionini na sisteini. Paka naye hana uwezo huo kwa kiwango cha kutosha, kwa kuwa vimeng'enya viwili vinavyofanya kazi hiyo ni dhaifu mno mwilini mwake.

Isitoshe, sehemu ya sisteini yake hutumiwa kuunda felinini, kemikali inayotoka katika mkojo na ambayo huzaa ile harufu kali ya paka dume asiyehasiwa. Tena, nyongo ya paka hutumia taurini pekee, ilhali binadamu anaweza kutumia asidi-amino nyingine badala yake. Kila siku paka hupoteza taurini, na kila siku lazima ailipe kwa kula nyama.

Ukweli huo ulidhihirika mnamo 1975, watafiti wa Marekani walipoonyesha kuwa paka waliolishwa protini ya maziwa isiyo na taurini waliharibika utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Uharibifu huo ukishakomaa, hauna tiba.

Pigo la pili lilihusu moyo. Mnamo 1987, Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walieleza kuhusu paka 21 waliokuwa na mioyo dhaifu na taurini kidogo katika damu. Jambo la kushangaza ni kwamba paka hao walikuwa wakila vyakula vya kununuliwa dukani. Walipoongezewa taurini, mioyo yao ilirejea kufanya kazi sawasawa. Viwanda vililazimika kubadilisha vipimo vyao, na ugonjwa uliokuwa ukiua maelfu ya paka kila mwaka ukawa nadra.

Viwango vya Marekani sasa vinataka chakula kikavu cha paka kiwe na angalau miligramu 1,000 za taurini kwa kila kilo, na kile cha mkebe miligramu 2,000, zikipimwa baada ya kuondoa maji. Cha mkebe huhitaji zaidi kwa sababu namna kinavyopikwa huwachochea bakteria wa matumboni kuiharibu taurini.

Hata hivyo, mbwa naye hajaepuka hatari kabisa. Baadhi ya jamii zake, kama vile Golden Retriever na Newfoundland, hupungukiwa na taurini kwa wepesi zaidi. Mnamo Julai 2018, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kuchunguza uhusiano kati ya ugonjwa wa moyo kupanuka na vyakula vya mbwa vyenye mbaazi na dengu kwa wingi. Lakini mbwa wengi walioathiriwa hawakuwa na upungufu wa taurini, na mnamo Desemba 2022 mamlaka hiyo ilisema haitatoa taarifa zaidi hadi utafiti mpya wa maana upatikane.

Kwa mfugaji wa kawaida, somo si gumu. Nafaka na kunde hazina taurini ya kutegemewa, na maziwa ya ng'ombe huwa nayo kidogo sana. Nyama, hasa moyo, na samaki mzima kama omena ni vyanzo bora. Kwa kuwa taurini huyeyuka katika maji, supu iliyochemshiwa nyama isimwagwe, bali ichanganywe na chakula.

Kitunguu kisitiwe kamwe katika chakula hicho. Nacho kina kemikali zake za salfa, lakini hizo huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Vilevile, mtu asikimbilie kununua vidonge vya methionini, kwani ikizidi humdhuru paka.

Mwisho, chakula cha mbwa kisifanywe cha paka. Chakula hicho si lazima kiwe na taurini, na paka aliyezoeshwa kukila atalipa gharama hiyo kwa macho au kwa moyo wake.