Kikokotoo kilisema .6, mimi nikauza 6: baki ilivyoniponza

Wafanyabiashara wenzangu, leo naleta hesabu ya darasani. Usikimbie, ilinikosesha mteja wa 30,000.

Nina duka dogo hapa Kerende, na nauza pia kwenye status ya WhatsApp. Kabla shule hazijafunguliwa nilileta soksi za shule kutoka Mwanza, pea 850. Wauzaji wadogo wa huku Nyamongo nawauzia kwa fungu la dazeni tatu, yaani pea 36. Nikachukua simu, 850 gawanya kwa 36, ikaja 23.6. Nikaandika kwenye daftari: mafungu 23, zinabaki pea 6.

Mafungu yote yakaisha. Mwalimu mmoja akaniandikia: "Mdogo wangu, nataka pea 20 za rejareja." Nikamjibu, "Samahani mwalimu, zimebaki 6 tu." Akaenda kwingine. Jioni nafungua kiroba, nahesabu pea 22! Kwa 1,500 kila pea, ile ilikuwa 30,000 imeondoka.

Kosa ni hili: ile .6 sio pea 6. Ni sehemu ya fungu moja, zaidi kidogo ya nusu ya pea 36. Ndo nikakumbuka kugawanya kwa njia ndefu. Fanya hivi:

1. Andika pembeni 36 mara 1 hadi 5: 36, 72, 108, 144, 180. Hapo hutabahatisha.

2. Anza kushoto. 8 ni ndogo kwa 36, chukua 85. Inaingia mara 2 (72). 85 toa 72, inabaki 13.

3. Shusha 0, inakuwa 130. 36 inaingia mara 3 (108). 130 toa 108, inabaki 22.

4. 22 ni ndogo kuliko 36, basi simama. Jibu ni mafungu 23, baki pea 22.

5. Hakiki: 36 × 23 = 828. Jumlisha 22 = 850. Imekubali.

Ukiona baki imelingana na 36 au imezidi, ujue uliingiza mara chache, rudi uongeze. Ukiona namba ya kutoa ni kubwa kuliko uliyonayo, umezidisha, punguza moja.

Unapenda simu? Sawa. Chukua namba nzima tu, 23, zidisha kwa 36, kisha toa kwenye 850. Utapata 22 ileile.

Kwenye bei pia baki ina kazi. Tuseme katoni ya pea 48 za kandambili ni 125,000, na usafiri mpaka dukani 15,000. Jumla 140,000. Gawanya kwa 48: 2,916, baki 32. Ukisema "kila pea imenigharimu 2,900", tayari umejipunja 800 kwenye katoni moja, na faida hujaanza kuitafuta. Gharama ikiwa na baki, panda juu: weka 2,950, halafu ndo uongeze faida yako.

Siku hizi daftari langu lina safu mbili: mafungu, na baki. Yule mwalimu nilimwandikia tena nikamwomba radhi. Alishanunua.

Wewe mzigo wako wa mwisho ulibaki na ngapi? Kahesabu kwanza, ndo uandike hapa chini.