Mapishi ya Siku za Dhiki Yana Mengi ya Kutufunza

Mtu aliyezaliwa katika nchi ya migomba ataona ajabu akiambiwa kwamba liko taifa lililowahi kutengeneza ndizi kwa mzizi. Lakini ndivyo ilivyokuwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwishoni mwa mwaka 1940 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha uagizaji wa ndizi, kwa kuwa nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli, na kila nafasi katika meli zilizosalimika ilihitajiwa kwa mambo ya lazima zaidi. Akina mama wakabuni ndizi ya bandia. Walichukua parsnipi, mzizi mweupe wa ukoo wa karoti, wakauchemsha, wakauponda, wakautia sukari na matone machache ya arki ya ndizi, kisha wakaupaka juu ya mkate.

Siku hizi wako watu wengi, huko na kwingineko, wanaofufua mapishi ya namna hiyo jikoni mwao kwa kujifurahisha. Wengine hucheka, na wengine hukunja uso. Sisi tuliona ni haki kuonja kwanza kabla ya kutoa hukumu.

Tulianza na pai ya Woolton. Jina hilo limetokana na Lord Woolton, aliyekuwa Waziri wa Chakula tangu mwaka 1940 hadi 1943, na mpishi anayetajwa kuwa ndiye aliyeibuni ni François Latry wa hoteli ya Savoy mjini London. Gazeti la The Times lilichapisha maelezo yake mwaka 1941. Zahitajiwa ratili 1 ya viazi, ratili 1 ya karoti, ratili 1 ya koliflawa na ratili 1 ya suidi, ambayo ni mzizi mnene wa ukoo wa kabichi. Tena vitunguu vya majani 3 au 4, kijiko 1 cha unga wa oti, na kijiko kidogo cha kiungo cha mboga. Vyote hupikwa kwa dakika 10 katika maji ya kuvifunika tu. Vikishapoa hutiwa katika bakuli, vikafunikwa kwa viazi vilivyopondwa au kwa kinyunya cha unga usiokobolewa, vikaokwa mpaka juu pawe rangi ya kahawia.

Kwa kuwa si kila nyumba ina oveni, sisi tulitumia sufuria na kupalia makaa juu ya kifuniko. Pai ilitoka na sura njema. Ladha yake haikuwa na kosa, wala haikuwa na sifa. Ilishibisha. Mmoja wa wageni wetu aliuliza kwa upole kama nyama itafuata. Na twadhani swali hilo liliulizwa katika nyumba nyingi za London mwaka ule wa 1941.

Ama ile ndizi ya bandia, mambo yalikuwa mengine. Harufu ilijaa chumba kizima, lakini mdomoni ahadi ile haikutimizwa: pua iliambiwa ndizi, ulimi ukasema karoti. Mtoto wa nyumba alionja kijiko kimoja, akaenda zake kumenya ndizi ya kweli.

Hata hivyo, ndugu msomaji, chakula cha dhiki hakipimwi kwa ulimi wa mtu aliyeshiba. Mtu mzima katika Uingereza ya wakati huo alipata kwa juma zima wakia 2 za siagi, wakia 2 za chai, wakia 8 za sukari, na yai 1 likipatikana. Wakia 1 ni kama gramu 28. Mgao huo ulianza Januari 1940, na haukwisha kabisa hadi Julai 1954, miaka 9 baada ya vita. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba ukikosa la mama, hata la mbwa huamwa.

Dhiki ya jikoni la Mwingereza ilifika hadi Afrika Mashariki. Ni upungufu wa mafuta ya kula uliowafanya watawala waanzishe mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika mwaka 1947, huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Mvua zilikuwa haba, udongo wa Kongwa ulikuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na mitambo iliharibika. Mpango ukaachwa mwaka 1951, baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36.

Nasi tuna siku zetu za dhiki. Wazee wa Uganda wanaikumbuka vema miaka iliyofuata 1972, sukari, chumvi na sabuni zilipoadimika madukani na magendo yakatawala. Je, chai ilinywewa na nini? Mboga iliungwa kwa nini? Waingereza wanaweza kuyapika tena mapishi yao kwa sababu wizara yao iliyaandika katika vijitabu na kuyatangaza redioni. Yetu mengi yamo vichwani mwa bibi zetu tu.

Wala jambo hili si la kuchekesha tu. Muhogo mchungu una sumu, na kuuloweka, kuuvundika na kuuanika kwa siku za kutosha ndiko kunakoifanya sumu hiyo itoke. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, ukame ulizidisha sumu katika muhogo, na watu wenye njaa hawakuweza kungoja siku zilizozoeleka. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo, ambao hauna tiba. Njia ya kuuandaa muhogo waliijua; kilichowakosesha ni muda.

Kwa hiyo pishi la kale si orodha ya vitu na vipimo tu. Ndani yake mna sababu, na sababu ikisahauliwa, siku moja mtu atafupisha pale pasipofupishwa. Twawaomba wasomaji wetu wayaandike mapishi ya dhiki ya nyumbani kwao: nini kilitumiwa badala ya nini, kililowekwa siku ngapi, kilianikwa jua la namna gani, na kwa nini. Anayetaka kuanza leo, aanze kwa bibi aliye karibu naye.