Helikopta ya Wakaliga na utamu wa muvi za ngumi za bei chee

Katikati ya filamu iitwayo Who Killed Captain Alex?, kapteni mwenyewe anauawa, na mtazamaji haoni ni nani aliyemuua. Ndugu yake, mpiganaji wa kung fu anayeitwa Bruce U, anakuja kulipiza kisasi. Helikopta inalipua majengo ya Kampala. Wanajeshi na genge la Tiger Mafia wanamiminiana risasi porini hadi maiti hazihesabiki. Kisha filamu inakwisha, na swali lililo kwenye jina lake halijajibiwa. Mimi bado sijakutana na mtu aliyeitazama akainuka analalamika kwamba kadanganywa. Watu huinuka wanauliza kama kuna nyingine.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 2010 huko Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala, na gharama yake hutajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Aliyeitengeneza ni Isaac Nabwana, mtu aliyekuwa akijipatia riziki kwa kufyatua matofali. Utotoni hakwenda sinema. Kaka zake ndio waliokwenda kwenye vibanda vya video, wakarudi nyumbani na kumsimulia nani kampiga nani na vipi, naye akazitengeneza picha zile kichwani mwake. Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya kazi zake zote. Mtoto anayesimuliwa mapigano hapewi vipande vya kuchosha. Hapewi mazungumzo ya mezani wala mtu anayeendesha gari akiwaza. Anapewa teke, mlipuko na mtu aliyerushwa ukutani, na ndivyo Nabwana anavyotupa sisi.

Kompyuta aliiunganisha mwenyewe kwa vipuri vilivyokwisha kutumika. Silaha zilitengenezwa na fundi wake, Dauda Bisaso, kwa mbao na vyuma chakavu, ikiwemo bunduki kubwa ya mitutu mingi ambayo mtoto yeyote aliyekulia kwenye muvi za komando angeuza viatu vyake aishike. Damu mwanzoni ilikuwa ya ng'ombe. Mwigizaji mmoja alipougua, wakahamia kwenye rangi nyekundu ya chakula inayojazwa ndani ya kondomu na kufichwa chini ya shati, ikapasuka mtu anapopigwa risasi. Waigizaji ni majirani. Aliyepiga teke asubuhi ndiye anayeanguka kwenye vumbi mchana akiwa amevaa sare nyingine, na anapoanguka ameanguka kweli, kwa mgongo wake mwenyewe.

Wapo wanaozitazama filamu za aina hii ili kuzicheka. Hao wanakosa uhondo wenyewe. Kila mtu anaona kwamba helikopta ile imechorwa kwa kompyuta na kubandikwa juu ya Kampala. Watengenezaji wake waliliona hilo kabla yetu. Kinachosisimua ni kwamba hawakungoja. Hadithi ilitaka helikopta, fedha ya helikopta haikuwepo, na helikopta ikapaa. Filamu ya Hollywood iliyogharimu dola milioni 200 hunipa mlipuko safi zaidi, lakini mlipuko huo umenunuliwa, na mara nyingi naupita kama ninavyopita taa za barabarani. Wa Wakaliga naushangilia kwa sababu naona mikono ya watu ndani yake. Ni furaha ileile ya filamu za Hong Kong za mwanzoni mwa miaka ya 1970, kama The Big Boss ya mwaka 1971 ambayo Bruce Lee aliigiza huko Thailand kwa bajeti ndogo. Mandhari ni duni, sauti imebandikwa vibaya, lakini mwili wa mtu aliyefanya mazoezi ukijirusha hewani, mtazamaji anasahau kupumua.

Na muvi hizi hazikukusudiwa kutazamwa kimyakimya. Aliyewahi kuketi kwenye benchi la kibanda umiza Dar es Salaam anajua. Steringi, yaani shujaa wa filamu, akiingia chumba ambamo adui amejificha, ukumbi mzima unampigia kelele ageuke. Akidondoshwa, watu wanaapa kwamba steringi hafi, na akiinuka wanapeana mikono kama ndugu waliopatana. Fedha nyingi hazihitajiki kuzalisha furaha hiyo. Anahitajika steringi wa kumpenda, adui wa kumchukia, na watu wa kukaa nao.

Anahitajika pia msimulizi. Uganda wanamwita VJ, na kazi yake ni kuketi na maikrofoni, kutafsiri filamu na kuikoleza. Anawabatiza wahusika majina, anawatania, anamwonya steringi, anasifia kiatu cha adui, anahoji kwa nini polisi wamechelewa. Kwetu Tanzania kazi hiyo ilipata mfalme wake katika Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ilizigeuza filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani zikawa hadithi za Kiswahili. Kenya wanaye DJ Afro, na wako watu wazima huko wasioweza kuitazama filamu ya mapigano bila kuikumbuka sauti yake. Wasomi wa sinema walichelewa sana kuwatambua watu hawa kuwa wasanii. Filamu dhaifu mikononi mwa msimulizi hodari huwa kali, kwa sababu penye pengo yeye hupaziba kwa maneno, na penye kosa hupageuza kuwa kichekesho cha ukumbi mzima.

Who Killed Captain Alex? tunayoitazama leo ni ya msimulizi. Nafasi kwenye kompyuta ilikuwa finyu, kazi ya filamu moja ikafutwa ili kupisha nyingine, na toleo lisilo na sauti ya VJ likapotea. Lililobaki ni lile ambamo VJ Emmie anapiga kelele kuanzia mwanzo hadi mwisho, akijisifia nchi yake na makomando wake. Nimejaribu kuiwaza filamu hiyo bila yeye, nikaona hasara iliyotokea ilitupatia kitu bora.

Vipande vya kuitangaza vilipowekwa intaneti, vilifika New York, na Mmarekani mmoja aliyefanya kazi kwenye matamasha ya filamu, Alan Hofmanis, akafunga safari kumtafuta Nabwana. Baadaye alihamia Wakaliga na kuwa mwigizaji. Katika Bad Black ya mwaka 2016 yeye ni daktari mpole aliyeibiwa, na anayemfundisha ukomando ni mtoto wa mtaani anayeitwa Wesley Snipes. Mtoto anamfokea mzungu mzima, anamkimbiza, anamtoa jasho, na mpangilio wa dunia tuliouzoea kwenye sinema unapinduliwa kwa dakika chache tamu. Mwaka 2019 filamu nyingine ya Nabwana, Crazy World, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, katika ratiba yao ya usiku wa manane.

Hata hivyo soko la kwanza la filamu hizi lilikuwa la miguu. Waigizaji wenyewe walizunguka mitaani wakiuza DVD nyumba kwa nyumba, wengine wakiwa na mavazi ya filamu, wakigawana mapato na studio, na iliwabidi wauze haraka kabla maharamia hawajazinakili.

Who Killed Captain Alex? imewekwa YouTube na watengenezaji wake wenyewe, bure, na ni ya saa moja na dakika chache. Usiitazame peke yako kwenye simu. Ita majirani, watoto wakubwa na yule mjomba anayejifanya anapenda taarifa ya habari tu, ongeza sauti msimulizi asikike, na helikopta ikitokea, shangilieni. Kisha ukikutana na kijana wa mtaani kwako anayeuza filamu aliyoigiza mwenyewe, inunue kwake.